Nyuzi Tisini na Saba

Kompyuta ilizimika mara ya pili, kazi ya kutengeneza video ikiwa imefika asilimia hamsini na nane.

"Imekwisha?" Mama Syprose aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Bado, mama. Imepumzika kidogo," Atai alijibu, asithubutu kugeuka.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa sita gari la jamaa lingetoka hapa Busia kwenda Petta, kwenye ibada ya ukumbusho wa John Paul, marehemu mume wa Syprose. Ndani ya video ile John Paul alikuwa akiimba, kisha akakatiza wimbo kumcheka mkewe. Rekodi nyingine ya sauti yake haikubaki popote. Kitinda mimba wao, aliyezaliwa baba keshazikwa, hakuwa ameisikia hata siku moja.

Atai aliigusa kompyuta kwa nyuma akarudisha mkono upesi. Ilikuwa moto kama kikaango cha chapati. Kumbe kitambaa cha kufuma alichokitandika Elinah, mke wa bosi, kuzuia vumbi la malori, kilikuwa kimeteleza kikaziba matundu ya hewa. Alikiondoa, akaiwasha tena na kuanza upya. Baada ya dakika tano joto la prosesa, ubongo wa kompyuta, lilisoma nyuzi tisini na saba, na feni bado inanong'ona tu.

Feni hiyo bosi Ronald ndiye aliyeipunguza. Chumba cha studio kilikuwa kimoja, na kwenye kona yake alirekodi matangazo ya misiba, yale yanayozungushwa vijijini kwa gari lenye spika. Leo alikuwa na la marehemu wa Buhehe.

Atai aliiongeza feni. Ikanguruma.

"We Atai! Hiyo ni feni ama posho mill ya kusaga mahindi? Watu wa Buhehe wakisikia hii tangazo watadhani mvua inanyesha kaburini!"

"Bosi, ikikosa hewa itazima tena."

"Kwani nilinunua mashine ya kulala? Punguza, bana. Na usiguse kitu kingine."

Aliipunguza. Chuoni Tororo walifundishwa dawa ya joto hilo: prosesa ikiwekewa kikomo, isikimbie kwa nguvu zote, haichemki, na feni haina haja ya kupiga kelele. Ila kazi ya dakika hamsini ingechukua saa moja na robo, na Ronald hakutaka kusikia habari ya kompyuta yake kwenda polepole.

Saa iliyokuwa ukutani ilisema tano kasoro ishirini na tano. Syprose alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mwanangu, niambie tu kweli. Niwaambie twende bila video?"

Swali hilo lilimchoma Atai kuliko ukali wa Ronald. Alifungua mipangilio, akashusha kikomo hadi asilimia sabini, akaanza tena kutoka sifuri.

Nyuzi themanini na nne. Themanini na moja. Sabini na sita. Feni ikatulia. Ila namba za video nazo zilitambaa, na Atai hakuweza kukaa. Alizunguka meza, akachungulia barabarani, akarudi. Asilimia arobaini. Hamsini na nane, pale ilipokuwa ikifia, ikapita. Saa sita kasoro robo, tisini na moja. Nje dereva alianza kupiga honi.

Ilipofika mia alibonyeza icheze, aone kama imekubali, akasahau kabisa kwamba spika zilikuwa wazi.

"Kwa masikitiko makubwa, familia ya mzee Eibu..." Ronald alikuwa akisoma, na kicheko cha John Paul kikapasuka chumba kizima.

Ronald alivua visikizio. "Nani alikwambia uguse..."

Atai alikimbilia kupunguza sauti. Syprose alimshika mkono.

"Iache, mwanangu."

John Paul alicheka mpaka akakohoa, kisha akaanza wimbo upya. Honi ililia tena. Ronald alimtazama yule mama, akanyoosha mkono akazima kinasa sauti chake, akatoka mlangoni.

"Dereva, ngoja!" alipaza sauti. "Mama anakuja."