Nyumba ya Kuingilia Jikoni

Dalali alisimama barazani akitafuta ufunguo kwenye kichala chake, na huku akitafuta aliendelea kusifu. Alikuwa mtu wa kusifu hata usingizini. Aliwaonyesha wateja wake, mwokaji mikate na mumewe kinyozi, miti mirefu iliyokutana vichwa juu ya barabara, vigae vyekundu visivyofinyangwa tena siku hizi, na madirisha ya mbao nzito ambayo hata upepo ulikuwa ukiyaheshimu.

"Kwenye mitaa mipya mtu ananunua nyumba," alisema. "Huku, mama, unanunua kivuli. Nyumba unapewa kama nyongeza."

Kinyozi alicheka. Mwokaji hakusikia, kwa sababu alikuwa amepiga goti akipapasa sakafu ya baraza kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Sakafu hiyo, kuanzia baraza mpaka sebuleni, ilipigwa na baba yake, aliyekuwa mwashi. Watoto wengine walilazwa kwa hadithi za sungura na fisi. Yeye alilazwa kwa hadithi ya sakafu hii: jinsi rangi nyekundu ilivyochanganywa, jinsi ilivyosuguliwa mpaka ukaweza kuchana nywele kwa kujitazama ndani yake. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, lakini sakafu ilikuwa bado inang'aa.

Dalali akapata ufunguo, akafungua, akaingia. Kinyozi akamfuata, na alipotua mguu ng'ambo ya kizingiti akajikuta uani, nyuma ya nyumba, kando ya bomba la maji. Mkewe naye akatokea hapo hapo, mkoba begani. Kutoka ndani walimsikia dalali akimsifia mtu asiyekuwepo urefu wa dari. Baada ya muda mlango wa jikoni ulifunguka, naye akatoa kichwa.

"Aa. Kumbe nyinyi ni watu wa nyuma," alisema bila kubadili sauti. "Si kitu. Mtaa huu wapo wengi. Mlango wa jikoni nao ni mbao ngumu, mtauona."

"Na bei?" aliuliza kinyozi.

"Bei ni ile ile."

Walinunua. Siku ya kuhamia, wachukuzi walipandisha kabati kwenye baraza, wakaingia nalo kwa mbele na kutokea uani. Wakalipeleka tena, wakatokea uani tena. Ikabidi kabati livunjwe vipande, lipite jikoni, liungwe upya chumbani, na tangu hapo droo yake moja haikufunga vizuri. Wakati huo huo paka aliyeachwa na wenye nyumba wa zamani alikuwa akipita mlango wa mbele apendavyo. Tarishi alipita. Wagombea wa uchaguzi walipita, wakakaa, wakaahidi, wakatoka. Hata mwizi aliyekuja mchana mmoja aliingia kwa mbele na kutoka kwa mbele, redio kwapani.

Mwokaji aliita seremala. Seremala aliung'oa mlango wote na kuuegemeza ukutani, pakabaki uwazi tu, sebule ikionekana wazi kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Mwokaji akaingia kwenye uwazi ule kwa mwendo wa kawaida. Akatokea bombani.

"Basi si mlango," alisema seremala alipomaliza kuurudisha. "Mlango ni mzima. Nimetia tu grisi kwenye bawaba."

Jioni ya Ijumaa ya kwanza, mkate wa majaribio ulipotoka kwenye tanuri, baba yake alikuja. Aligonga mlango wa jikoni mara moja, akavua viatu na kuingia. Alikuwa na saruji kwenye viwiko kama siku zote, na ile kofia yake aliyozikwa bila kuwa nayo kwa sababu haikuonekana ilipo. Kinyozi alimsogezea kigoda, akamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mkwe wangu. Kichwa changu kimeota msitu, utanitazamia."

Alipewa chai. Akatia sukari kijiko juu ya kijiko, akakoroga mpaka kijiko kikasimama. Sukari ndiyo iliyomuua, na sasa haikuwa na la kumfanya.

"Baba," alisema mwokaji, "twende sebuleni ukakae kwenye kochi. Ukaione sakafu yako."

"Sebuleni hapana, mwanangu. Sakafu mbichi."

"Ilikauka kabla mimi sijazaliwa."

"Nani kakwambia? Mimi sijaambiwa." Mzee alipuliza chai yake. "Siku tuliyomaliza, mwenye nyumba alisimama pale mlangoni na suti yake. Akasema, sakafu mbichi, mafundi na familia zenu piteni nyuma, ikikauka mtaitwa. Tukapita nyuma. Hatujaitwa."

"Lakini nyinyi ndio mafundi. Si mlijua saruji inakauka lini?"

"Tulijua sana. Lakini mwenye nyumba hakuwa anazungumzia saruji."

Mwokaji aligeukia tanuri akajifanya anatazama moto. Alikuwa amefanya kazi tangu ujana wake, alfajiri baada ya alfajiri, ili siku moja baba yake apite pale mbele, hata kama ni kwa picha tu ukutani. Machozi yalimdondoka kwenye unga. Mkate uliotoka baadaye ulikuwa na chumvi kidogo zaidi ya kawaida, na mzee alisema ndio mtamu kuliko yote aliyowahi kula, hai au maiti.

Asubuhi yake, mwanamke mwenye mvi na miwani mikubwa alichungulia juu ya ua wa nyuma. Mtaani walimwita Bi Maua. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hadi leo alikuwa akimtazama kila mtu kana kwamba amechelewa.

"Nyinyi mmepitia wapi?"

"Nyuma," alijibu mwokaji, kwa aibu kidogo.

"Basi mbona mmejifungia humo kama wageni? Tokeni nje."

Walitoka kwenye kilango cha uani, na huko nyuma wakakuta uchochoro. Dalali hakuwaonyesha uchochoro huo, kwa kuwa haukuwamo katika mambo anayoyajua kuyasifu. Ulikuwa mpana kiasi cha watu watano kupita wakishikana mikono, na mabenchi yalipangwa pande zote mbili. Palikuwa na vyungu vya maua, meza ya bao, na kamba za nguo ambazo hakuna aliyejali ni za nani. Daktari wa meno alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimenya viazi. Gari lake la kifahari aliliacha barabarani mbele ya nyumba yake, kisha akazunguka kwa miguu, kwa sababu babu yake alikuwa mtunza bustani wa mtaa huu. Mama yake Bi Maua alikuwa dobi hapa. Hakimu wa nyumba ya pembeni, ambaye mahakamani watu walisimama akiingia, alikuwa mjukuu wa mpishi.

"Kule mbele," Bi Maua alieleza, "watu wanaishi kwa kupungiana mikono. Kuna bwana mmoja nyumba ya kona, mlango unamfungukia vizuri kabisa, ana mwaka wa kumi hajui jina langu. Huku nyuma ukipiga chafya, watatu wanakuombea afya na wa nne analeta tangawizi."

Kinyozi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Jumapili alitoa kiti chake cha kazi, akatundika kioo kwenye ukuta, akaanza kunyoa. Umbea wa mtaa mzima ulihamia kwake. Mwokaji alitoboa dirisha dogo kwenye ukuta wa jikoni, na harufu ya mikate ikawa ndiyo saa ya uchochoro: ya kwanza ikipita, watoto wanaoga; ya pili ikipita, wako njiani kwenda shule. Makochi nayo yalivutwa kutoka sebuleni, moja moja, mpaka jikoni. Sebule ikabaki na paka.

Mzee alikuja kila jioni. Mkwewe alimnyoa, na nywele zikaota tena kesho yake, kwa hiyo alinyolewa tena. Wote wawili walilipenda jambo hilo.

Mwokaji na kinyozi walikuwa na binti, mwalimu wa hesabu, na binti alikuwa na mchumba, fundi wa lifti. "Huyu angalau kazi yake ni kupandisha watu," alisema kinyozi, akaridhia. Lakini baba wa kijana alikuwa meneja, mtu wa tai mpaka siku za mapumziko, na inasemekana aliwahi kuvunja uchumba wa mwanawe mwingine kwa sababu ya mazulia. Siku ya posa ilipokaribia, binti alikonda.

"Mama, watu watakuja na mshenga wao, watasimama barazani, nasi tuko wapi? Nyuma, kwenye vyungu! Yule meneja akituona tunatokea jikoni ataondoka na watu wake."

"Akiondoka kwa sababu ya mlango, mwanangu, aende na heri," alisema mama yake. Lakini siku hiyo alikanda unga ule ule mara mbili.

Walikuja Jumamosi mchana. Mshenga alitangulia, mtu wa kukodiwa mwenye sauti ya asali. Mlango wa mbele ulimfungukia wenyewe, akaingia kwa heshima, akaketi kwenye kigoda kilichosalia, akaanza hotuba yake ya kuomba ua lililochanua katika bustani ya watu. Paka alimsikiliza.

Nyuma yake akaingia meneja, akatokea bombani. Viatu vyake vilivyong'aa vilitua kwenye tope. Baada yake akatokea fundi wa lifti, halafu bibi yake, mama mzazi wa meneja, kikongwe aliyevaa nguo mpya zilizokuwa zikimwasha.

"Kuna hitilafu," alisema meneja.

"Hakuna hitilafu," alisema mama yake. Alikuwa akitazama ukuta, bomba, nyumba ya jirani. "Nilikuwa yaya kwenye nyumba ile. Nilikulelea hapa hapa, ulikuwa mgongoni. Nilivyokaa kimya, ukadhani nimesahau. Mlango ndio haujasahau."

Meneja alikuwa amewaambia watu, kwa miaka, kwamba mama yake alikuwa mfanyabiashara. Alilegeza tai.

Bibi alifungua bomba, akakinga maji kwa kiganja, akanywa. Kisha akasukuma mlango wa jikoni. Mzee mwashi, aliyewahi kuja siku hiyo na alikuwa akinyolewa, alisimama na kitambaa shingoni.

"Wewe! Ndiye uliyekuwa ukitupitishia maji kwa siri juu ya ua!"

"Na nyinyi ndio mliokuwa mkiimba uongo kuhusu uzuri wangu, juu kabisa ya paa, ili nisiache kuwapa maji!"

"Haukuwa uongo wote."

"Kaa chini, nusu ya kichwa chako bado ina nywele."

Waliangua kicheko kilichofika uchochoroni, na uchochoro ukaingia jikoni kuja kuona. Bi Maua alileta viti, daktari wa meno akaleta viazi, hakimu akaombwa anyamaze kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Meneja alikaa kwenye gunia la unga kwa suti yake. Kisha akamgeukia mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nalia sana mgongoni?"

"Ulikuwa unaimba," alisema bibi. "Hawa mafundi walikufundisha ule uongo wao."

Basi meneja alicheka mpaka unga ukapanda hadi kwenye nyusi zake. Binti na kijana walishikana mikono karibu na tanuri, na hakuna aliyekumbuka kuwakataza. Mshenga alipomaliza hotuba aliifuata sauti ya vicheko, akawakuta watu wanakula na tarehe ya harusi imekwisha kupangwa. Walimlipa vilevile.

Harusi ilifanyika uchochoroni, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bwana wa nyumba ya kona alisikia ngoma, akatoka kwa mlango wake wa mbele, akazunguka mtaa mzima kwa miguu kutafuta zinakotoka. Alipofika, Bi Maua alimwambia jina lake, akampa sahani. Dalali naye alikuwapo. Siku hizi wateja anawapitishia uchochoroni kwanza, na husifu mabenchi kana kwamba aliyachonga yeye.

Mwaka uliofuata binti alijifungua mtoto wa kiume. Walipomleta kuwaona babu na bibi zake, ilikuwa asubuhi yenye jua, na tarishi alikuwa ametoka punde tu, kwa hiyo mlango wa mbele ulikuwa wazi. Binti alisimama barazani akitazama sebule, yote imeng'aa kwa ile nyekundu ya babu yake. Mtoto alikuwa mpya kabisa, hajamkosea mtu, na hakuna aliyewahi kumwambia apite wapi. Binti akamkumbatia vizuri, akatanguliza mguu wa kulia, akavuka.

Wakatokea bombani, wote wawili, juani.

Mtoto alipiga chafya. Watatu wakamwombea afya, wa nne akaenda kutafuta tangawizi. Bibi kikongwe akampokea, akamfuta pua kwa ncha ya khanga, akampeleka jikoni alikoketi mwashi tangu alfajiri, aliyekuwa tayari ameosha saruji kwenye viwiko ili amshike.