Spika ya Gitaa la Baba Zabibu

Sijawahi kusikia mtu akimshukuru panya, lakini mimi namshukuru. Alizeti ya msimu uliopita niliijaza kwenye chumba cha nje, magunia kumi na moja, kwa kuwa stoo ya duka letu ilikuwa inavuja. Humo humo ndimo mume wangu alimokuwa akiilaza amplifaya yake usiku. Panya walipochoka kubangua alizeti wakaamua kuonja karatasi ya spika, wakaacha tundu la kupitisha ngumi.

Mume wangu anaitwa Rahimu, ila mimi namwita Baba Zabibu kwa jina la binti yetu wa kwanza, naye huniita Mama Zabibu. Alikuwa mpiga solo wa Upepo Jazz. Vijana wa siku hizi wakisikia jazz wanadhani ni muziki wa Wazungu waliovaa kofia. Kwetu Singida jazz ilikuwa bendi ya dansi, suruali pana, na Jumamosi isiyokwisha. Bendi ilikufa, wenzake wengi wamekufa pia, yeye akabaki na gitaa na ile amplifaya ya zamani ambayo ukiiwasha lazima uisubiri ipate moto kama jiko la mkaa. Kila jioni baada ya alasiri hupiga sebuleni, nami hukaa mkekani mbele yake nikichambua mchele.

Alipoona tundu lile hakunigombeza, na hapo ndipo niliposhtuka. Mimi nina mdomo, najijua, na nilishaandaa majibu ya kutosha wiki nzima. Yeye akabandika kitambaa kwa gundi akapiga hivyo hivyo, sauti ikikwaruza, mpaka siku ya nne moshi ukatoka na spika ikanyamaza kabisa. Akaliegemeza gitaa ukutani, akaenda kukaa barazani na mikono yake mitupu.

Na harusi ya Rukaya ilikuwa imebakiza siku tisa. Rukaya ni mjukuu wetu, binti wa Zabibu, anaolewa na kijana wa Iguguno. Alikuwa ameshamwambia mshereheshaji kwamba nyimbo za kwenye kompyuta zisubiri, yeye ataingia kwa gitaa la babu yake. "Babu asipopiga, siingii," alisema, na mtoto huyo kinywa amerithi kwangu.

Sasa niseme jambo ambalo nilikuwa silisemi kwa mtu yeyote. Baba Zabibu alikuwa hasikii vizuri. Ngurumo alisikia, lori alisikia, na mimi nikikasirika alinisikia. Lakini mlio wa simu, birika likipiga mluzi, vindege vya asubuhi, vyote hivyo vilikuwa vimemwacha. Niligundua mwaka juzi, nilipomkuta jikoni anatafuta majani ya chai huku birika linalia hatua mbili kutoka alipo. Sikusema. Mwanamume macho yakipungua hununua miwani na watu wakamwita mwalimu, lakini mpiga gitaa ukimwambia masikio yameondoka umembakizia nini? Nikaamua kukaa kimya na kukaa karibu na birika.

Hofu yangu sasa ikawa ni ile harusi. Atachaguaje spika mtu asiyesikia? Akichagua vibaya ataaibika mbele ya wakwe wa Rukaya, na hatajua kwa nini watu wanaziba masikio. Na nikimzuia, lazima nimwambie sababu.

Tukaenda kwa fundi Sixbert, mtu wa Kiomboi mwenye kibanda nyuma ya soko. Ni mpole, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Ulikuwa mwezi wa saba na upepo unasukuma vumbi mpaka ndani ya meno, kwa hiyo nilijifunika mtandio juu ya pua, nikabakiza macho.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema Sixbert akipokea sanduku la amplifaya.

"Marahaba, mwanangu."

Akaifungua spika iliyoungua, akaizungusha mkononi. "Karatasi ningebadilisha, mzee. Lakini koili, ule waya wa ndani, nayo imeungua. Hii tuiage tu."

"Nipe nyingine ya inchi kumi na mbili," alisema Baba Zabibu. "Yenye nguvu."

Sixbert akacheka kidogo. "Hapo ndipo watu wanapokosea, mzee. Wakija hapa wanauliza wati, halafu wanapima sumaku kwa mkono kama wananunua kuku. Spika ya gitaa haichaguliwi kwa uzito. Na haihukumiwi mezani, lazima iingie ndani ya sanduku lake, ndiyo uisikie. Ninazo tatu. Nitazifunga moja moja, wewe upige kitu kile kile."

Nikampenda fundi huyo. Kila spika alikuwa anafunga skrubu nne, anaunga waya, anasubiri amplifaya ipate moto, halafu anasogea pembeni na kutazama chini ili mzee asijione kama yuko kwenye mtihani.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya disko, sumaku kama kikaango na ukingo wa mpira. Gitaa likasikika kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Baba Zabibu mwenyewe akatikisa kichwa. "Hii ya kutikisia madirisha."

Ya pili ilikuwa kuukuu, karatasi tupu mpaka ukingoni, nyepesi hata naweza kuibeba kwa vidole viwili. Sixbert alisema aliitoa kwenye kinanda cha umeme cha kanisa moja huko kwao, kilichokuwa kimelala miaka bila kuguswa. Baba Zabibu alipopiga, nilihisi mgongo wangu unalegea. Ilikuwa sauti ile ile niliyoolewa nayo, ya mviringo, yenye utamu mwishoni kabla haijapotea. Yeye akakunja paji la uso. "Iko mbali hii. Kama inatoka nyumba ya jirani."

Ya tatu ilikuwa ya matangazo, zile za mikutano. Loo! Ilikuwa ni kijiko kinakwangua sufuria tupu. Sixbert alijikuna shingo. Mimi ndani ya mtandio nilikunja uso mzima, na niseme ukweli, upepo ulikuwa umeshatulia kwa muda mrefu. Nilibaki nimejifunika kwa sababu sikutaka mume wangu aone.

Yeye alikuwa ananitazama. Akapiga tena, akanitazama tena. Nikadhani ananiuliza kama nimechoka, nikaitikia kwa kichwa kwamba niko salama.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo."

Sixbert akanigeukia. "Mama, na wewe unasemaje?"

Hapo mdomo wangu wote, ule niliosema ninao, ukanikimbia. "Kama mzee ameridhika," nikajibu.

Tukarudi nyumbani na bajaji, sanduku limekaa katikati yetu. Jioni ile akakaa kwenye kiti chake akawasha. Mimi nikasingizia mboga, nikakimbilia uani, lakini sauti ile ilipita ukuta kama msumari. Jirani yetu Loyce akachungulia juu ya uzio, mikono ina povu la sabuni.

"Mama Zabibu, leo mnakata bati?"

Nilitaka kumjibu jibu la kumpeleka kwao Sepuka. Badala yake machozi yakanijaa, kwa sababu Loyce ni mwema, na kama mtu mwema amesikia bati, wakwe wa Iguguno watasikia nini? Nikanawa uso, nikaingia ndani nimekaza moyo kumwambia.

Nikamkuta ameshazima. Gitaa liko mapajani, anautazama mkeka mahali ninapokaa siku zote.

"Mama Zabibu," alisema kabla sijafungua mdomo, "kule kwa fundi ulijifunika uso kwa nini?"

"Vumbi."

"Vumbi liliisha. Na sasa hivi umenikimbia."

Nikakaa mkekani.

"Nyuzi mbili nyembamba sizisikii," akasema. "Mwaka wa pili huu. Nikizigusa najua zimelia kwa sababu vidole vinaniambia, lakini sauti haifiki. Naipata kwako."

"Kwangu wapi?"

"Usoni. Nikipatia, kidevu chako kinainuka kidogo, hivi, na mkono unaacha mchele. Nikikosea unatazama mlango wa jikoni. Sauti ikiwa kali unakunja jicho la kushoto, la kulia linabaki wazi kama kawaida. Mimi napiga humo humo. Leo nimepelekwa kuchagua spika halafu kitabu changu kimefungwa, sasa ningesoma nini? Nikachukua ile niliyoisikia mwenyewe."

Hasira zikanipanda kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyo. "Miaka miwili unanitazama kama televisheni na husemi!"

"Na wewe miaka mingapi unasimama karibu na birika na husemi?"

Nikamwangalia. Akaniangalia. Tukaanza kucheka, na mimi nikicheka sana hulia, kwa hiyo nikalia pia. Wakati wote ule mimi nilikuwa namficha yeye na yeye ananificha mimi, ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nilimshukuru Mungu pale pale mkekani, kwa sauti, kwamba mtu huyu hakuwa amefungiwa peke yake kwenye ukimya kama nilivyodhani. Alikuwa nami, mbele yake, kila jioni, na sikujua kwamba nafanya kazi yoyote zaidi ya kuchambua mchele.

Kesho yake asubuhi tulirudi kwa Sixbert. Upepo ulikuwa mbaya kuliko jana. Nikavuta stuli nikakaa mbele ya mume wangu, uso wazi, vumbi linaingia linakotaka. Sixbert akaitoa ile ya kinanda chini ya meza. Alikuwa ameifunga kwa gazeti.

"Nilijua mtarudi," akasema. "Jana walikuja watu wawili wanaitaka, nikawaambia ina mwenyewe."

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Na kwa nini hukutuambia jana?"

"Mzee ni mzee, mama. Nilimwachia mwenye nafasi ya kumwambia."

Akafunga skrubu nne. Baba Zabibu akapiga, macho yake hayako kwenye vidole wala kwenye sanduku, yako kwangu. Sikujitahidi kufanya lolote. Baada ya muda akaweka kiganja juu ya nyuzi, akamwambia Sixbert, "Hii. Mama Zabibu ameshaipenda mara tatu."

Siku ya harusi Iguguno turubai lilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya trekta. Mshereheshaji alikuwa amemwekea Baba Zabibu kiti kizuri chenye kitambaa cha dhahabu, kinatazama meza ya maharusi. Alipofika akakigeuza, akatazama upande wa wanawake, safu ya pili, nilipoketi mimi. Mshereheshaji akaja mbio kumwambia kwamba amewapa wakwe mgongo. Baba Zabibu akamjibu, "Wakwe wataniwia radhi, mimi nasikia vizuri nikikaa hivi," akaendelea kukaza nyuzi.

Rukaya akaingia. Taratibu, hatua kwa hatua, mkono wake umeshikwa na baba yake, na gitaa la babu linamtangulia. Sauti ilikuwa laini lakini ilifika hadi barabarani, na watu waliokuwa wakiongea walinyamaza bila kuambiwa. Nikamwona mjukuu wangu anatafuta kwa macho gitaa linakotoka, akatabasamu. Nikamwona mume wangu, mzee wa miaka sabini na mbili, anapiga kitu asichokisikia, bila kukosea hata mahali pamoja. Nikashindwa. Uso wangu wote ukavunjika, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Gitaa likakatika.

Alikuwa ameinua mkono juu ya nyuzi, ananitazama kwa hofu. Kwake yeye uso ule ulimwambia kwamba ameharibu, na ameharibu vibaya. Rukaya akasimama katikati ya zulia. Turubai zima kimya, watu wanageuka kutafuta kimetokea nini.

Nikanyanyuka. Nilipita mbele ya wakwe, mbele ya mashehe, mtandio unaburuza, nikafika kwenye kile kiti na kuweka mdomo wangu kwenye sikio lake. Maneno niliyomwambia sikuwahi kumwambia miaka arobaini na nne, maana siku zote nilidhani anayajua, na kumbe uso ulikuwa unanisemea nusu tu.

"Hujakosea. Ni tamu, Rahimu. Siku zote imekuwa tamu. Nalia kwa shukrani."

Akanishika mkono, vidole vyake vigumu kwa nyuzi.

"Basi rudi pale pale nikuone," akasema. "Ulie taratibu."

Nikarudi nikakaa, nikalia taratibu, naye akaanza tena pale alipokuwa ameachia.