Sasi ya Kakatua

Asubuhi ya Jumatatu Yosina alizunguka kukagua vijiti vya sasi, alama za kufunga mavuno, kama alivyofanya kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye kewang, yaani mlinzi wa makatazo, wa kijiji cha Waelatu, kaskazini mwa kisiwa cha Seram. Mchungaji akishatangaza kanisani kwamba minazi imefungwa, Yosina huchomeka kijiti kando ya shamba, akakifunga kuti changa kwa juu, na kuanzia hapo hakuna wa kuangua hata nazi moja mpaka sasi ifunguliwe. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe. Goti bovu alilipata mwenyewe humo humo.

Vijiti vyake vilikuwa saba. Asubuhi ile alikuta vinane. Cha nane kilikuwa juu mlimani, chini ya mkenari, mti mkubwa wa kokwa wenye mashimo mawili ambamo kakatua hutaga kila mwaka. Kuti lilikuwa limekatwa kwa mdomo badala ya kisu, lakini fundo lilikuwa lile lenyewe, la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini. Kijiti kilikuwa kimeinama kidogo. Yosina akakinyoosha, akashindilia udongo kwa kisigino, akatazama juu. Kakatua wanne walikuwa wakimwangalia, kasuku wakubwa weupe, vishungi vyao vya rangi ya waridi vimelala.

Alishuka akamwarifu mkuu wa kijiji, Bapa Raja, aliyekuwa barazani akinywa kahawa, kwamba kakatua wamefunga sasi kwenye mkenari. Bapa Raja akauliza wamefunga nini, matunda au mti wenyewe. Yosina akasema kwa anavyoona yeye, wamefunga watoto wao.

Wazee walilijadili siku mbili. Mmoja alisema ndege hawezi kufunga sasi kwa kuwa si mwanakijiji. Mwingine akamjibu kwamba ndege hao walikuwapo kabla babu yake hajashuka pwani, na kwamba tangu sasi ya minazi ifungwe hakuna kakatua aliyetoboa dafu hata moja, ilhali yeye mzee mwenyewe alionekana Alhamisi iliyopita na machicha ya nazi kwenye ndevu. Mzee akajipangusa ndevu. Ikabaki sadaka tu, kwa sababu anayeomba sasi hutoa sadaka. Jumapili kakatua wakatua juu ya bati la kanisa, na kwenye sahani za sadaka zikakutwa kokwa nane za kenari, zimemenywa. Mchungaji akaisoma sasi yao katika matangazo, baada ya mazoezi ya kwaya na kabla ya nguruwe aliyepotea.

Kwa hiyo ikawa sheria, na Yosina akawa mlinzi wake. Hilo lilimkosesha raha, kwani mpandaji wa mkenari ule alikuwa Melki, mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na mbili aliyeweza kupanda mti wowote na kushindwa karibu kila kitu kingine. Kila mwaka Melki aliteremsha makinda. Minazi ina wenyewe, samaki wana wenyewe, kakatua hakuwa na mwenyewe, kwa hiyo Yosina aliruhusiwa kujifanya hajaona. Sasa ruhusa hiyo ilikuwa imekwisha.

Alimwambia siku ileile, akikoroga papeda, ugali wao wa sago.

"Mwaka huu usiuguse ule mti, Melki. Umefungwa."

"Nimesikia kanisani, Mama. Mimi mbona sina shida nao." Akala, akanawa mikono. "Kamwambie na Bapa Raja basi."

Bapa Raja alikuwa na mgeni anakuja kutoka wilayani, na mgeni wa wilayani haondoki Waelatu mikono mitupu. Tangu enzi ya baba yake, zawadi ni kakatua wawili. Mgeni alifika kwa boti Jumatano, akala samaki, akasifu barabara ambayo haijajengwa. Alhamisi aliondoka na chupa mbili za maji zilizotobolewa matundu, ndani ya kila moja kinda limebanwa mabawa. Yalikuwa makinda ya shimo la chini. Shimo la juu lilikuwa bado na mayai.

Ijumaa kakatua wakaja kushtaki. Walisimama kwenye ukingo wa baraza la Bapa Raja, jike na dume, vishungi juu, na hawakupiga kelele, jambo ambalo kwa kakatua ni gumu. Melki aliitwa, naye hakukana. Alisema ndiyo, alikiona kijiti, akakipita, akapanda.

Kwa desturi kewang huuliza maswali mawili. La kwanza ni ulichukua nini. La pili ni nani alikutuma. Yosina aliuliza la kwanza. Kisha akamtazama Bapa Raja, aliyekuwa akitazama dari, na wazee, waliokuwa wakitazama miguu yao. Alijua swali la pili litafika wapi: Raja atakataa, wazee watakohoa, mwanawe ataitwa mwongo juu ya kuitwa mwizi, na yeye atavuliwa kazi. Na alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka tangu zamani, uchovu wa mtu anayelinda mlango huku wenye nyumba wakiingilia dirishani.

"Sina swali jingine," akasema.

Melki alimtazama mara moja tu, halafu akatazama chini kama wengine.

"Basi sheria ni ile ile," Bapa Raja akasema, sauti yake imelainika. "Aliyechukua arudishe."

Makinda yalikuwa yameshafika mjini. Kakatua jike akaruka, akatua begani kwa Melki, na kila mtu akaelewa kwamba atarudishwa yeye badala yao. Melki akaenda nyumbani kuchukua mkeka na shuka. Mama yake akamfungia samaki mkavu. Jioni aliupanda mkenari mbele ya kijiji kizima, vizuri kama kawaida yake, akaingia kwenye shimo la chini, miguu ikabaki nje.

Mwezi wa kwanza miguu ilikuwa nje. Mwezi wa pili ni vidole tu. Mwezi wa tatu alienea bila kukunja kitu. Yosina alimpelekea chakula kila Jumatatu, mwanzoni bakuli zima, baadaye kijiko kimoja, na kakatua jike alikishukia akampelekea mdomoni. Watu wakipita walimsalimu Melki naye akawaitikia, ingawa sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Alisema hasikii baridi. Siku moja aliuliza sasi inafunguliwa lini.

"Waliofunga ndio watakaofungua, mwanangu," Yosina akamjibu. "Mimi ni mlinzi tu."

Kumteremsha hakuweza. Kilichomo kwenye mti uliofungwa hakitolewi, na yeye alikuwa ameapa. Alirudi nyumbani akalia mpaka papeda ikapoa, halafu akaila hivyo hivyo.

Mwezi wa nne akaja Izak, mpandaji mpya, kamba begani na chupa mbili tupu mkononi. Yule mgeni wa wilayani aliipenda zawadi, na sasa alikuwa anamleta mkubwa wake. Izak akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Mama Yos."

"Kijiti umekiona?"

"Nimekiona, Mama. Siwezi kusema sijakiona." Akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu. "Shida yangu ni moja. Siku hizi mwanao na hao wengine wanafanana. Shimo lake ni lipi, nisije nikamchukua Melki?"

Yosina angeweza kumfukuza. Izak angeondoka kwa heshima, angerudi siku ambayo yeye hayupo, na kuchagua kwa kubahatisha.

"La chini," akasema. "Watoto wao wako shimo la juu."

Izak akamshukuru, akajifunga kamba. Kule juu kakatua walikuwa wameinua vishungi, wakimwangalia Yosina, si Izak. Mvua ilikuwa imenyesha na shina lilikuwa na utelezi, kwa hiyo Yosina akasogea karibu, akamshikia kamba.