Gasketi ya Shaba

Nkulu alikuwa na donge na Muamba, tena donge kongwe. Miaka tisa walifanya kazi gereji moja pale Kolwezi, na kila mwenye gari zuri alipofika aliuliza, "Muamba iko?" Chema chajiuza, sawa, lakini Nkulu naye alikuwa na mikono, na hakuna aliyeiona.

Ndipo Tata Kitenge, avokati wa kutetea watu kortini, akaleta gari lake la mbio la zamani, jekundu, viti viwili, likifuka moshi mweupe. Gasketi ya injini, ile bamba nyembamba ya kuzuia maji yasivuje, ilikuwa imeungua, na mpya haikupatikana hata Lubumbashi. Muamba akasema wataichonga kwa bati la shaba. Kitenge akamsifu mbele ya watu, na wivu ukamtafuna Nkulu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wanafukuzwa mjini warudi huko. Familia zilikuwa zikilala stesheni majuma kwa majuma, zikingoja treni. Muamba, Mkasai aliyezaliwa papo hapo mjini, alisalimika kwa sababu moja tu: Kitenge aliwaomba vijana waliokuwa wakifukuza watu wasimguse, maana hakuna mwingine wa kulitengeneza gari lake.

Shaba ilipokwisha kukatwa, Kitenge akamvuta Nkulu kando.

"Bale bavijana banasema, kama kuko mwingine wa kumaliza hii kazi, Muamba aende. We utaweza peke yako?"

Neno moja tu la kukana, na Muamba angebaki. Nkulu alilijua hilo vizuri.

"Mi naweza, Tata."

Kesho yake Muamba na watoto wake walipelekwa stesheni.

Nkulu akaichoma shaba hadi ikawa nyekundu, akaizamisha majini ilainike, akaifunga kwenye injini, akakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, duru tatu, bila haraka. Siku ya tatu injini ikawaka, na hakukuvuja hata tone. Alifurahi kuliko siku aliyooa. Akasimama akingoja sifa zake.

Kitenge aliisikiliza injini kwa muda.

"Muamba alisema kweli. Nilianza kuuliza yeye kama we utaweza. Akasema, Nkulu ananipita, mukono yake ni mwepesi. Nikamuambia, ile maneno itakupeleka ku gare, ku treni. Akasema, ile njo kweli, niseme nini?"

Akaingia garini, akafunga mlango.

"Njo maana nikakuya kwako. Nilijua weye utanidanganya, utasema hauwezi, Muamba abakie."

Nkulu akauliza kama treni imekwisha kuondoka. Ilikuwa imeondoka asubuhi ya siku ile ile.