Arvi na Benchi la Juu

Arvi, mume wangu, aliteleza mwezi wa pili kwenye barafu ya mlangoni petu, akiwa amebeba mfuko wa takataka. Nautaja mfuko kwa sababu yeye hupenda kuwaambia watu alikuwa amebeba kuni. Alikuwa amebeba takataka, na nyonga ikavunjika.

Hospitali wakaiunga kwa chuma. Mwezi wa nne mtaalamu wa viungo, binti mmoja mwenye nywele fupi na mikono ya moto, akamwambia, "Sasa sauna ruksa, mzee wangu. Panda ngazi polepole tu." Arvi akashukuru, akavaa kofia yake, tukarudi nyumbani. Hakwenda sauna Jumamosi ile, wala iliyofuata.

Jengo letu pale Jyväskylä, Finland, lina sauna moja ya wote, chumba cha mbao cha kuoga mvuke wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto, na zamu yetu ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Hatukuwahi kuiacha, hata wiki tuliyomzika kaka yangu. Sasa nikawa nakwenda peke yangu na taulo langu, yeye anabaki kuoga chini ya bomba kama mgeni wa hoteli. Nikimuuliza, anasema anasikiliza redio.

Halafu siku chache kabla ya sikukuu ya Yohana, ile ya katikati ya kiangazi, nikamsikia anaongea kwa simu na Reijo, jirani yetu kule kwenye nyumba yetu ya ziwani, ng'ambo ya ghuba, ambaye amekitamani kiwanja chetu cha ziwani tangu anavaa kaptula. "Nitakupa jibu Jumapili, baada ya sikukuu," Arvi alimwambia.

Nilingoja aweke simu mezani.

"Jibu la nini?"

"La kuuza."

"Unauza nyumba ya ziwani?"

"Nyumba ya ziwani bila sauna ni kibanda cha kufugia mbu, Saimi."

"Sauna ipo."

"Ipo. Mimi ndiye simo."

Sikumsukuma. Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Arvi ukimsukuma anakuwa mzito kama mtumbwi uliojaa maji. Lakini nilijua kinachomkwaza. Sauna yetu ya ziwani ina mabenchi matatu, moja juu ya jingine, na la juu liko karibu kabisa na dari, pale joto linapolala. Pembe ya dirishani ni yake. Aliipigilia mwenyewe kiangazi tulichooana, misumari yote kwa chini ili isichome makalio ya mtu, na ubao wa mahali pale umeshafanya kibonde cha umbo lake. Kwa watu wa kwao, mwanamume hakai benchi la chini. Chini hukaa watoto, na wageni wasiojua joto. Na Arvi alishajaribu kupanda, mwezi wa tano, tulipokwenda kufungua nyumba. Nilimwona kwa dirisha. Alipanda benchi la kwanza, akashika ukuta, akasimama muda mrefu, akashuka.

Basi Alhamisi tukafunga safari, watu watatu. Mwenye usukani alikuwa Iiris, binti wa binti yetu, miaka ishirini, anasomea useremala. Nyuma ya gari alikuwa na mbao, drili, na kisanduku cha skrubu. Mimi nilikuwa na mkate mweusi, soseji, siagi, samaki wa chumvi na sufuria yangu, kwa sababu ile ya kule imetoboka.

Tulisimama kwanza kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, ambapo tumesimama kila mwaka hata kama tenki limejaa. Kahawa na maandazi ya sukari. Arvi alikata andazi lake vipande viwili akanipa kile kikubwa. Hufanya hivyo akiwa na jambo linalomsumbua.

"Babu," Iiris alisema akilamba sukari kidoleni, "nimefikiria. Nitayashusha yale mabenchi. Nusu mita tu."

"Na dari utaishusha?"

"Dari ya nini?"

"Joto liko darini. Ukishusha watu ukaacha joto juu, umejenga kituo cha basi."

"Basi nikuwekee mshikio ukutani, wa kupandia."

"Kuku ndio huwekewa ngazi," alisema, akanywa kahawa yake hadi kwenye machicha.

Iiris akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo, maana yake muache.

Tulisimama tena kwa muuza viazi, hema dogo kando ya barabara, viazi vichanga vyenye ngozi ya kutoka kwa kidole gumba. Nilichagua vidogo. Arvi akasema ni vidogo mno, nikamwambia yeye ndiye mkubwa mno, tukaendelea. Kwenye pantoni ya njano tulishuka garini tupigwe na upepo, na Iiris akavua viatu, akakaa na miguu nje ya kamba mpaka mwendeshaji alipomkoholea. Maji yalikuwa yametulia kama kitambaa cha meza kilichopigwa pasi.

Ng'ambo ya pantoni kuna kijiji cha Kaislaranta, na wanawake wa kijiji huwasha sauna ya ufukweni kila Alhamisi ya kiangazi kwa yeyote apitaye. Iiris alikuwa na jasho la njia nzima. "Tuingie," alisema. "Wanaume wana chumba cha pili, Babu, wote tunaingia."

"Nitabaki kulinda viazi," Arvi alisema.

"Nani aibe viazi Kaislaranta?"

"Havijawahi kuibiwa kwa sababu kila siku yuko mtu anavilinda."

Tukamwacha. Ndani tulikuwa wanawake sita, na mazungumzo yalikuwa ya nyanya za vibarazani na bwana mmoja aliyenunua boti isiyowaka. Nilipopata joto la kutosha nikatoka kupoa ngazini, nimejifunga taulo. Kutoka pale niliiona gari yetu. Arvi alikuwa ameteremsha kioo, amelaza kichwa kwenye ukingo wa dirisha, sikio kwa upande wa sauna. Ndani mtu akamwaga maji juu ya mawe. Arvi akakunja uso, kama mtu aliyesikia kinanda kikipigwa vibaya kanisani. Yakamwagwa tena. Safari hii akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Niliporudi garini, nywele bado zinadondosha maji ya ziwa, nilikaa, nikafunga mkanda. Alisema mwenyewe.

"Yule wa pili ana haraka."

"Wa pili nani?"

"Aliyemwaga mara ya pili. Alimaliza kata nzima mahali pamoja. Mawe yalizimika. Hukusikia?"

"Sikusikia," nikasema, na ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo kata ya maji imekuwa mkononi mwa Arvi. Mimi nilikuwa naletewa mvuke tayari, kama wengine wanavyoletewa chai.

Njia iliyobaki niliifikiria ile kata.

Ijumaa, siku yenyewe ya mkesha, Iiris aliamka mapema akafunga mshikio wa mbao ukutani mwa sauna, laini, umepigwa msasa mpaka unateleza kama siagi. Arvi alikwenda kuutazama. Alipitisha kiganja juu yake mara mbili, kwa maana kazi nzuri huwa haimpiti.

"Kazi safi," alisema, akatundika taulo lake juu yake, akatoka nje.

Mchana nilimletea matawi ya mbetula, ule mti wa gome jeupe, kibarazani. Kufunga vichala vya kujipigia sauna ni kazi yake. Hutumia kijiti kibichi alichokisokota badala ya kamba, na majani yote yanatazama upande mmoja, upande mwororo ndani. Kila mwaka hufunga vitatu, changu, chake, na cha mgeni. Nilikuwa namenya vitunguu nikimtazama. Alifunga cha kwanza. Alifunga cha pili. Kisha akayasukuma matawi yaliyobaki kwa fimbo yake na kufagia majani magotini.

Vichala viwili. Nikaendelea kumenya vitunguu, nikamshukuru Mungu kwamba ni vitunguu.

Saa tatu usiku jua lilikuwa bado juu ya misonobari kama limesahauliwa pale. Kuni zilishakuwa makaa, mawe yalishaiva. Arvi alikaa kwenye kiti chake kibarazani mwa sauna, mgongo ukutani, fimbo mapajani. "Nendeni," alisema. "Mimi nitawachunga mbu."

Tukaingia. Iiris akapanda hadi juu, mimi nikafuata, na pembe ya dirishani tukaiacha tupu. Tulikaa kidogo. Halafu nikampa Iiris kata.

"Mwaga."

"Mimi? Sijui, Bibi."

"Maji kwenye mawe. Kuna nini cha kujua?"

Akajaza kata, akamwaga yote kwa mkupuo. Mawe yakalia *tshaa*, mara moja, kisha kimya. Mvuke ukapanda ukatuchoma masikio, ukaisha.

Ukutani kukagongwa kwa fimbo. "Nani huyo?"

"Mimi, Babu."

"Unazima moto wa nyumba? Kidogo kidogo, kwa pembeni. Mawe si mbwa wa kurushiwa maji."

Iiris akajaribu tena. Ilikuwa nafuu kidogo. Nje tukasikia kiti kikilia.

Nikachukua kata mimi. Sasa nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshazeeka. Ya kwanza niliimwaga vibaya kwa sababu sikujua. Ya pili niliimwaga vibaya kwa kukusudia. Niliielekeza mbele, palepale juu ya mlango wa moto ambapo mawe ni madogo na yamechoka, na nikaimwaga kwa uvivu, kama mtu anayemwagia maua ya jirani. Mawe yakanung'unika. Harufu ya majivu mabichi ikatoka.

"Saimi."

"Unasemaje?"

"Unapika uji humo?"

"Sikusikii, Arvi. Mlango ni mnene." Nikajaza kata ya tatu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama na shati lake, suruali, na viatu, kitu ambacho sijawahi kukiona ndani ya sauna maishani, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa uchungu wa kweli.

"Weka hiyo kata chini. Miaka arobaini na sita nimeyapanga haya mawe, makubwa nyuma, madogo mbele, moja moja, wewe unakuja kuyapasua kwa dakika tano."

"Basi nionyeshe."

"Funga mlango kwanza, joto linatoka."

"Wewe ndiye umesimama mlangoni," Iiris alisema.

Akatoka. Tukangoja. Nilisikia mkanda wa suruali ukigusa sakafu ya kibarazani, na kiatu kimoja, na baada ya muda mrefu cha pili. Akaingia tena kama alivyozaliwa, mweupe mwili mzima, na kovu jekundu ubavuni mwa nyonga. Aliyatazama mabenchi. Akaushika mshikio wa Iiris, akauachia. Kisha akakivuta kigoda cha kuogea, kile nilichokuwa namwogeshea binti yetu alipokuwa mdogo, akakiweka kando ya mawe, akakaa.

Nilishuka, nikachota maji ya moto kwenye beseni, nikaliweka chini ya nyayo zake, maana chini kuna ubaridi. Akaingiza miguu. Nikampa kata, nikarudi juu.

Arvi hakuijaza. Alichota nusu, akainua mkono, akasikiliza. Akadondosha maji nyuma kule kwenye mawe makubwa, uzi mwembamba, akizungusha kiganja. Hayakulia *tshaa*. Yalivuta pumzi. Mvuke ukapanda taratibu, ukapita darini, ukashuka mgongoni mwangu kama shali aliyokuletea mtu bila kuombwa.

"Huo," alisema.

Akamwaga tena. Na tena. Akamsikiliza Iiris anavyohema, akamwaga tena.

"Babu, inatosha."

"Mmekaa benchi la wakubwa. Kaeni."

"Babu, masikio."

"Yafunike."

Kata ya sita Iiris alishuka mbio, akatoka, na tukasikia miguu yake gatini na mwili ukipiga maji. Mimi nilivumilia hadi ya nane. Niliposhuka nilimpitia karibu, na yeye, bila kunitazama, akachukua kichala cha mbetula mkononi mwangu, akaanza kujipiga mabegani. Nikakaa benchi la chini, jirani yake, goti langu likigusa lake. Sikuwahi kukaa pale. Kutoka pale unaona moto.

Kesho yake alifunga kichala cha tatu, na cha nne.

Jumapili Reijo alikuja kwa boti yake, amevaa shati safi, amebeba keki aliyooka mkewe. Arvi akamwambia mambo ya jibu hayasemwi na watu wakavu, waingie kwanza sauna. Reijo akapanda juu, moja kwa moja, akaketi pembe ya dirishani. Nilikuwa kibarazani nachambua viazi vya jioni, kwa hiyo nilihesabu kwa masikio, na sasa nilikuwa nimeshajua kusikiliza. Kata ya kwanza ilivuta pumzi. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikuwa ndefu, ya kuzunguka mawe yote, na kabla haijaisha mlango ulipigwa teke, Reijo akapita mbele yangu mwekundu kama kamba wa mtoni, akaenda zake ziwani.

Alipokuwa majini, kichwa tu nje, Arvi akatoa uso mlangoni.

"Hapana, Reijo," alimwambia. "Siuzi."

Kisha akanigeukia. "Mwambie Iiris ile drili asiifungashe bado. Kigoda hiki ni kifupi, kinanibana. Nataka chenye mgongo."