Wimbo Usiopanda

Fundi makochi alikuwa na sifa mbili pale mtaani. Ya kwanza ni kwamba kochi lililopita mikononi mwake lilikaliwa na wazazi, likarithiwa na watoto, na halikubonyea. Ya pili ni kwamba hakuna aliyemshinda kwa kujua mahali ambapo wimbo huharibikia.

Watunzi chipukizi walimfuata karakanani, wakasimama katikati ya magunia ya sponji na kumwimbia walichotunga. Yeye alisikiliza huku misumari midogo imemjaa mdomoni na nyundo inakwenda. Nyundo ikisimama, mtunzi alijua kesi imeanza. Fundi aliitema misumari kiganjani, akaifuta kwenye suruali, ndipo akasema.

"Umeanza juu mno, kijana. Kiitikio kikifika utapanda wapi, darini?"

Au: "Ubeti wa kwanza mvua, wa pili mama mkwe, wa tatu bei ya sukari. Huu si wimbo, ni mkutano wa hadhara. Chagua jambo moja, mengine yape siku yake."

Au, kwa yule aliyeshindilia maneno mpaka mstari ukavimba: "Na mwimbaji atapumua lini? Mwezi ujao?"

Walinuna, wakacheka, wakarudi. Jambo moja aliwaambia wote bila kumbagua mtu, kwamba wasitungie koo lisilokuwepo. Mtunzi huusikia wimbo kichwani, na kichwani kila mtu anaimba vizuri. Kwa hiyo mjue kwanza atakayeuimba, alisema, halafu ndiyo uanze kutafuta maneno.

Yeye mwenyewe alilitungia koo moja tu maisha yake yote, la bintiye, ambaye watu walimwita Kengele tangu akiwa msichana mdogo wa kuita wateja mlangoni. Kengele aliimba kila Jumamosi katika ukumbi wa pale njia panda, na mpiga gitaa aliyeitwa Nyuzi alimfuata nyuma. Nyimbo zote zilikuwa za baba yake. Zilitulia kwenye beti, zikapanda kwenye kiitikio, na pale zilipopanda watu waliweka glasi mezani.

Kisha shingo ya Kengele ikaota uvimbe. Hospitalini wakaukata, ukatoka wote, na roho yake ikasalimika. Lakini mshipa unaoendesha sauti uliguswa. Daktari alisema sauti inaweza kurudi, baadaye akasema inaweza isirudi, halafu akaacha kusema. Kilichobaki kilikuwa sauti ya chini, yenye upepo mwingi, iliyokatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu katikati ya sentensi.

Mwenye ukumbi alimtunzia Kengele nafasi yake kwa muda mrefu kuliko watu walivyotarajia. Siku zile alikuwa akimpandisha jukwaani msichana mmoja kutoka kwaya ya shule. Alasiri moja akaja karakanani, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia chini yake.

"Fundi, mimi na wewe tunaheshimiana," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo aje na wimbo mmoja mpya. Wimbo ukienda vizuri, nafasi ni yake kama zamani. Usipokwenda, nitampa yule msichana, na wewe usininunie."

"Utakwenda," Fundi alisema.

"Nami naomba hivyo hivyo."

Fundi alitunga siku mbili. Wimbo ulimjia kwa urahisi, na urahisi ule ungemshtua kama ungekuwa wa mtu mwingine. Nyuzi akaja na gitaa lake, Kengele akavua mtandio na kusimama kando ya cherehani. Ubeti ulipita. Kiitikio kilipoanza kupanda, sauti yake ikakwea kidogo, ikakatika. Akarudia, ikakatika palepale. Mara ya tatu ilitoka pumzi tupu.

"Vumbi la sponji," Kengele alisema, akishika koo. "Naenda kunywa maji."

Alipotoka, Nyuzi aliweka kiganja juu ya nyuzi za gitaa zikanyamaza.

"Huu umemtungia nani, swahiba?"

"Swali gani hilo? Binti yangu."

"Yupi? Yule aliyekwenda hospitali au huyu aliyerudi?"

Fundi aliokota msumari sakafuni.

"Watoto wa watu unawafukuza hapa kila siku kwa kosa hilihili," Nyuzi alisema. "Leo umelifanya wewe, na umelifanya kwa kujidai. Hata mimi nilipoanza kuupiga nilijua. Nikaogopa kukuambia, maana mdomo wako umejaa misumari."

Maneno yale yalimchoma Fundi kwa sababu yalikuwa yake. Kesho yake akaanza upya, na mara hii alianza kama anavyoanza kochi, kwa kupima.

Alimchokoza Kengele ili azungumze. Alidai miwani yake imekwaruzika, akamwomba amsomee gazeti kwa sauti. Alimtuma amwite jirani aliye ng'ambo ya ua, naye akabaki dirishani akisikiliza sauti inafika wapi kabla ya kukatika. Alimuuliza habari ambazo alizijua, akabisha mambo ambayo hakuwa na haja ya kuyabisha.

"Baba, siku hizi umekuwa na maneno," Kengele alisema.

"Uzee, mama."

Akajifunza. Sauti ya binti yake ilikuwa imebakiza ngazi tano, si zaidi, na ya tano haikuaminika. Asubuhi ilikwaruza, alasiri ilitulia. Maneno yaliyoishia kwa kinywa kubana yalimkaba, yaliyoishia kwa kinywa wazi yalimpa nafuu. Baada ya maneno manne alihitaji pumzi, na pumzi ile ilisikika. Fundi alichukua chaki ya kukatia vitambaa, akaandika mistari kwenye kipande cha gunia, akafuta, akaandika. Neno zuri lililombana binti yake alilitupa. Kila mahali ambapo sauti ingeweza kukatika alimpa Nyuzi gitaa ajaze, na mwisho wa kiitikio, pale ambapo ilikuwa hatari kuliko kote, aliupa ukumbi uitikie. Jambo lilikuwa moja tu, la mtu aliyemsikia mwenzake akipita nje.

*Umepita, hukubisha,*
*taa yangu inawaka.*
*Pita tena, pita tena,*
*taa yangu inawaka.*

Siku ya kuujaribu, Kengele aliuimba mwanzo hadi mwisho na sauti haikukatika hata mara moja. Ule upepo wa sauti yake, ambao katika wimbo wa kwanza ulikuwa ugonjwa, hapa ulikuwa kama mtu anayenong'ona ili asiamshe watoto. Nyuzi alicheka peke yake huku akipiga.

"Fundi, nakuvulia kofia ambayo sina," alisema. "Sioni pa kuunyooshea kidole."

Fundi mwenyewe alitafuta kosa kwa jinsi alivyotafuta katika nyimbo za watu, hakulipata. Haukuwa na neno la ziada. Haukumhubiria mtu, wala haukuchelewa kuanza. Akageuka na kujifanya anatafuta mkasi.

Nyuzi alipoondoka, Kengele alibaki amekaa juu ya robota la vitambaa, akiukunja mtandio na kuukunjua.

"Baba, hapa kwenye 'inawaka', mara ya pili. Wimbo ulitaka kupanda. Kwa nini umeuzuia?"

"Haukutaka."

"Ulitaka. Mimi nimeziimba nyimbo zako tangu nina meno ya utotoni, nazijua zinapotaka kwenda. Umeuzuia."

"Nimeutuliza kidogo."

"Na hapa umempa baba mdogo Nyuzi ajaze kwa gitaa. Na hapa. Na mwisho umewapa watu." Alikuwa akizungumza polepole, akivuta pumzi baada ya kila maneno manne. "Ndiyo maana ulikuwa unanisomesha gazeti."

Fundi alishika mkasi akauweka chini.

"Nilikuwa nikilala," Kengele alisema, "najiambia labda nusu imebaki. Siku nyingine najiambia zaidi ya nusu. Daktari hakuwahi kuniambia kiasi. Sasa najua kiasi. Umenipima vizuri, Baba. Hukuacha hata nafasi ya kidole."

"Mama, ukiimba huu Jumamosi nafasi yako inarudi. Hilo tu ndilo nililotaka."

"Nitauimba. Ni wimbo mzuri."

Fundi angefurahi zaidi kama angemtukana.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kengele alivaa gauni lake la bluu lenye kola ya kuficha kovu, akaimba ubeti wa kwanza, na watu wakanyamaza kwa heshima, kama wanavyomnyamazia mgonjwa aliyetoka kitandani. Kiitikio kilipofika mara ya kwanza, meza chache ziliitikia pale walipoachiwa. Mara ya pili hawakungoja kuachiwa. Wimbo ulikuwa mwepesi, wa ngazi tano, maneno machache ya kinywa wazi, na hapakuwa na mtu pale ambaye koo lake lilishindwa. Walevi waliuweza, na wahudumu waliuimba wakipita na trei. Mara ya tatu ukumbi mzima uliuchukua, na katika kishindo kile sauti ya Kengele haikusikika kabisa. Fundi, aliyekuwa ukutani karibu na swichi za taa, alimwona midomo yake ikitembea. Kisha akaona imeacha kutembea. Kengele alishusha kipaza sauti mpaka usawa wa kiuno, akasimama akiwatazama, na wimbo uliendelea bila yeye. Hakuna mwingine aliyegundua.

Walipiga makofi sana. Mwenye ukumbi akamshika Fundi bega, akamtoa hadi barazani.

"Umetunga, mzee. Huu mpaka wiki ijayo utakuwa mitaani."

"Basi nafasi ni yake."

Mwenye ukumbi aliangalia viatu vyake. "Wimbo umekwenda, sibishi. Lakini Fundi, uliusikia? Ule unaimbwa na kila mtu. Sasa mimi nimweke jukwaani mtu ambaye meza ya mbele inamzidi? Nipe wimbo, nimpe yule msichana. Jina lako litatajwa."

"Wimbo ni wa binti yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

"Sitoi. Bora nikautupe mtaroni."

"Mpe," Kengele alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umeshamzunguka shingo, na hakujulikana amesimama pale tangu lini. "Mpe, Baba. Utaufanyia nini?"

Jumatatu Fundi alikwenda ukumbini na kisanduku chake cha vifaa. Viti vya mbele vilikuwa vimechanika, na mwenye ukumbi alimwita kwa kazi hiyo ili urafiki usife. Kengele alifuatana naye. Alisema msichana amemtumia salamu, anaomba aelekezwe wimbo na mwenyewe.

Msichana alikuwa na adabu. Alimwita Kengele dada, akamwamkia Fundi kwa kupiga goti kidogo, akasimama jukwaani mikono nyuma kama bado yuko kwaya. Nyuzi hakuwepo, na walifanya kazi bila gitaa. Fundi alipiga magoti kwenye safu ya kwanza, akang'oa kitambaa kikuukuu, akasikiliza. Msichana aliuimba kama alivyousikia Jumamosi. Sauti yake ilikuwa safi, nzima, haikuwa na ulazima wa kushuka mahali popote, lakini alishuka kila mahali ambapo Kengele alishuka, na kila mahali ambapo Kengele alivuta pumzi naye alivuta, ingawa hakuihitaji.

"Hapana," Kengele alisema. "Hapo usishuke."

"Wewe ulishuka, dada."

"Mimi niache. Kwenye 'inawaka', ya pili. Panda."

"Nipande mpaka wapi?"

Kengele alifungua kinywa amwonyeshe. Fundi aliacha kung'oa msumari. Hakikutoka kitu, na Kengele akafunga kinywa bila haraka. Akanyoosha mkono mbele yake, kiganja chini, akauinua polepole hadi usawa wa paji la uso, akaushikilia pale.

Msichana aliutazama mkono. Akaanza tena kiitikio, na pale penyewe sauti yake ikaufuata, ikapanda, ikafika, ikakaa. Mhudumu aliyekuwa akifagia kule nyuma alisimama na ufagio wake.

Ndivyo wimbo ulivyokuwa. Fundi aliujua papo hapo, kama mtu anavyomtambua nduguye kwa mgongo. Alikuwa amekata kile ambacho wimbo ulizaliwa nacho, akaita kazi ile ustadi. Na kama asingekikata, binti yake asingeweza kuuimba hata hiyo mara moja. Alizungusha jambo hilo kichwani, akalipindua upande huu na ule, na hakuona mahali ambapo angefanya vingine. Makosa yote aliyoyajua alikuwa ameyakwepa.

Kengele alishuka jukwaani, akaja akachuchumaa karibu naye. Akaanza kumkusanyia misumari iliyodondoka.

"Usinitungie tena, Baba."

"Sitatunga tena."

"Sikusema usitunge. Watungie watu. Mimi ndiye usinitungie."

"Mimi sina mwingine ninayemjua sauti yake."

"Najua," Kengele alisema, akamwekea misumari kiganjani.

Jukwaani msichana aliurudia wimbo kutoka mwanzo, akapanda palepale, na safari hii hakuhitaji kuonyeshwa.