Mstari wa Nane

Simu yangu ilitetemeka mkobani siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu, na barua pepe iliyoingia ilitoka kwake. Ikafuata ya pili. Ikafuata ya tatu. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni chumbani mwake, nimetoka tu kuchomeka chaja ya kompyuta yake ukutani, na kule nje nilisikia viti vya kukodi vikikusanywa na kupakiwa garini. Simu ikaendelea kutetemeka mpaka mkoba ukadondoka kutoka kitini. Barua saba.

Nisikuzungushe. Haukuwa muujiza, na laiti ungekuwa. Ulikuwa uzembe, na huyo mzembe namjua vizuri, maana kila asubuhi napiga mswaki naye kwenye kioo kimoja.

Kazi yangu ni kufufua kompyuta zilizochoka. Ofisi zikizitupa, karakana yetu inazichukua, tunazipangusa, tunabadilisha vipuri, kisha tunaziwekea mfumo huria, ule usiouzwa, unaotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani na wasiojuana hata kwa sura. Ni mfumo mzuri, ila una ugonjwa wake mmoja, nao ni kadi za waifai. Kila kadi inataka draiva yake, yaani kile kiprogramu kinachouelekeza mfumo namna ya kuongea na kadi, na wenye viwanda ni wachoyo wa siri zao. Basi waandishi wa draiva wanakisia, na watu kama mimi tunajaribu na kuwapelekea majibu.

Majibu yenyewe yalikuwa fomu ya mistari kumi na miwili. Je, mfumo unaitambua kadi? Kadi inaiona mitandao? Inashusha faili kubwa bila kukatika? Na mstari wa nane ulisema hivi: chomoa chaja, kompyuta ibaki kwenye betri, subiri dakika kumi, kisha tuma kitu. Je, kimefika?

Sasa, karakana yetu ilikuwa haina betri. Betri za kompyuta kuukuu huvimba, na siku betri moja iliposhika moto mezani, fundi mkuu wetu, tuliyemwita Mzee wa Waya, aliamuru zote ziwe zinang'olewa mlangoni. Tukawa tunapimia umeme wa ukutani tu. Ukichomoa chaja, kompyuta inazima, mchezo umeisha. Kwa hiyo mstari wa nane tuliuandikia "ndiyo" bila hata kuinua macho, kila kadi, kila siku, kwa miaka mitatu. Tuliuita mstari wa salamu. Ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama una homa.

Dada yangu alikuwa opereta wa simu, zamani zile mtu akitaka kuongea na mji mwingine lazima apitie kwa opereta. Wenzake walimwita Kasuku, na si kwa kumsingizia. Kabla ya kukuunganisha alikuuliza kwanza, "Upo?" na hakuchomeka waya mpaka useme, "Nipo." Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, yeye ishirini na mbili, na ndiye aliyenilea. Akirudi kazini alikuwa jikoni, mimi nacheza nje, na kila baada ya muda sauti ilitoka dirishani: Upo? Nami najibu: Nipo. Nisipojibu, anatoka na mwiko. Nimefika miaka arobaini na mitatu, mtu mzima na mvi zangu, na bado alipopiga simu hatukusalimiana kama watu. Alisema upo, nikasema nipo, ndipo mazungumzo yakaanza.

Kisha uvimbe ukamwota kooni. Walipoutoa, walitoa na sauti. Nilimkuta hospitalini amekaa wima, shingo imefungwa bandeji, na daftari mapajani. Alikuwa ameshaniandikia kabla sijafika kitandani: "Kasuku kakatwa ulimi. Majirani watapata usingizi." Mumewe akacheka, nesi akacheka, nami nikacheka. Halafu nikatoka hadi kwenye korido nikalia mpaka mfagiaji akaniletea kiti.

Simu ya mkononi hakuiweza. Vidole vilikuwa vimevimba, na zile herufi ndogo aliziita chawa. Lakini alikuwa amepiga taipu nusu ya maisha yake. Nikamwahidi kwamba atakaporuhusiwa kutoka atakuta kompyuta inamsubiri nyumbani. Nilikuwa na siku mbili. Nikachagua mashine nzuri, na nikaitafutia betri nzima, kitu ambacho hatukuwa tukimfanyia mtu yeyote. Nikaitia kadi kutoka kwenye lundo na draiva mpya iliyokuwa bado inaomba majibu. Mistari kumi na mmoja niliipima kama ninayepima dawa.

Nilipofika wa nane, Mzee wa Waya alikuwa anapita nyuma yangu. Akainama kutazama.

"Hiyo ina betri," akasema. "Basi leo ipime kama watu."

"Mzee, mgonjwa ananisubiri."

Zilikuwa dakika kumi. Nikaandika "ndiyo", nikafunga kifuniko, nikaondoka.

Na ilifanya kazi, usifikiri haikufanya. Kwa miezi miwili dada alikaa mezani, chaja imechomekwa ukutani kando yake, na kuniandikia barua ndefu. Alimsema shemeji jinsi anavyopika wali ukawa uji. Alimsema jirani, alimsema daktari, alinisema mimi kwa kutokuolewa. Kila barua alianza na neno moja: Upo? Nami nilianza na langu. Nilijiona fundi kweli. Nilimrudishia dada yangu mdomo kwa bisibisi.

Ugonjwa ukarudi. Daktari alitaka kumpasua mara ya pili, na dada akakataa. Shemeji alinipigia, nikapanda basi siku hiyo hiyo, nikafika nimeshapandwa na hasira. Walikuwa wamemhamishia kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, chenye hewa nzuri. Nilibishana naye saa nzima, mimi kwa mdomo, yeye kwa daftari, na wewe fikiria uonevu wa ugomvi wa namna hiyo. Mwisho aliandika: "Nimechoka, mdogo wangu. Niache nipumzike."

Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia, "Kama umeamua kutuacha, tuache. Usinitafute tena."

Nikachukua mkoba wangu. Nilipofika mlangoni nilisikia kiganja chake kikipiga ubao wa kitanda, mara mbili. Hakuwa na njia nyingine ya kuniita. Nilisikia vizuri, na sikugeuka.

Siku tisa nilingoja aandike. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa anaanza kupatana, mimi kazi yangu kununa. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Siku ya sita nilimeza kiburi changu, nikamwandikia mstari mmoja: "Umeamkaje?" Hakujibu. Nikasema sawa, kumbe na yeye anajua kununa. Ningeweza kumpigia shemeji, na sikumpigia, kwa sababu nilitaka kuombwa. Siku ya tisa shemeji mwenyewe alinipigia. Alisema, "Shemeji, njoo," kisha akashindwa kuendelea, na sikuhitaji aendelee.

Ndiyo maana siku ile nilikuwa sakafuni. Shemeji aliniomba niangalie kama kuna picha zake kwenye kompyuta. Ilikuwa juu ya kitanda, betri karibu inakwisha, nikaishusha sakafuni karibu na soketi, nikaiwasha, nikaichomeka chaja na kufungua kwanza barua zake. Sekunde chache baadaye mkoba ukaanza kutetemeka, na kwenye kioo cha kompyuta nikaona barua yangu ndiyo kwanza inaingia. Umeamkaje.

Nilielewa palepale, na afadhali ningekuwa mjinga. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani, kadi ile haina neno. Ikiwa kwenye betri, baada ya dakika chache inasinzia ili kubana matumizi ya umeme, na draiva haijui kuiamsha. Alama ya waifai inabaki imejaa pomoni, lakini hakuna kinachotoka wala kinachoingia. Barua ukiituma inakwenda kukaa kwenye foleni, na dada hakuwa mtu wa kuchungulia foleni. Yeye alibonyeza "tuma", akaamini imekwenda.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Kitandani ilikuwa inachajiwaje?" nikamuuliza.

"Soketi iko mbali, waya haufiki kitandani. Nilikuwa naizima jioni, naichaji mezani, asubuhi namrudishia." Akanitazama. "Si wewe ulinifundisha? Ulisema niizime kwanza ndipo niichaji, betri idumu."

Ni kweli, nilisema. Asubuhi shemeji aliiwasha, akaenda kumtengenezea maji ya kunawa uso, na dada alipokuja kufungua barua zake, kadi ilikwisha kulala.

Nilizisoma barua pale pale, nimekaa chini. Ya kwanza aliiandika jioni ile ile niliyoondoka: "Upo? Hasira zako nazijua, ni kama maziwa, zikifurika moto unazimika. Nakusubiri." Ya pili ilikuwa utani juu ya shemeji. Ya tatu alinieleza kwa nini hataki kupasuliwa, kwa utaratibu, kama anayemweleza mtoto, na safari hii nikamwelewa. Ya nne aliuliza kama nimeumwa. Ya tano alimtetea shemeji: "Anataka kukupigia, nimemkataza. Nimemwambia utajibu mwenyewe hasira zikiisha." Ya sita iliandikwa kwa shida, herufi zimerukana: "Nilipiga kitanda ili urudi nikushike mkono tu. Si kwa ugomvi."

Ya saba ilikuwa neno moja. "Upo?"

Shemeji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alipoelewa kilichotokea aliinamisha kichwa.

"Ningenunua waya mrefu tu," akasema. "Waya mrefu wa kufika kitandani. Nilikuwa naupita dukani kila siku. Kosa langu, shemeji."

Hapo nilipata njia ya kukimbilia, na nisikufiche, niliitazama. Mzee wa watu alikuwa tayari kuubeba mzigo wote, na asingeuliza swali. Ningemwacha aubebe, ningerudi zangu mjini. Lakini nilimwona mikono yake, imepasuka kwa kufua mashuka ya mgonjwa.

"Si wewe," nikamwambia. "Kulikuwa na swali kwenye fomu. Lilitaka nichomoe chaja, ningoje dakika kumi. Sikungoja. Niliandika ndiyo."

Nilitamani anitukane.

"Dakika kumi," akasema, na akaenda kusimama dirishani akanipa mgongo.

Wiki ile nilimwandikia mwandishi wa draiva, mtu nisiyemjua jina halisi wala nchi. Nilimwambia jibu langu la mstari wa nane lilikuwa la uongo, na kwamba majibu ya mstari huo kutoka karakana yetu yote, ya miaka mitatu, yafutwe. Mzee wa Waya aliisoma barua hiyo kabla sijaituma, akaweka jina lake chini ya langu. Mwandishi alijibu kistaarabu. Aliuliza kama kawaida ya watu wa kazi yake: kadi inalala baada ya muda gani, kwa toleo gani la mfumo, na mtumiaji aliishi na hitilafu hiyo muda gani. Nikajibu swali moja moja. Kwa lile la mwisho niliandika: siku tisa. Hakuuliza zaidi.

Marekebisho yalikuja baada ya miezi miwili. Yalikuwa ni mstari mmoja tu wa programu, mfupi kuliko jina langu. Ningeweza kuyapimia karakanani, ambako siku hizi kuna betri mbili nzima, hakuna anayeruhusiwa kuzigusa ila kwa mstari wa nane. Lakini nilipanda basi.

Shemeji alinifungulia chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nikaketi sakafuni kando ya soketi, nikaweka kompyuta mapajani, nikaitia draiva mpya. Kisha nikachomoa chaja, nikauviringisha waya sakafuni, nikahamia kitandani alipokuwa akilala.

"Dakika kumi?" shemeji akauliza.

"Dakika kumi."

Akaketi kwenye kile kiti ulichodondokea mkoba wangu siku ile. Sikuwahi kujua kwamba dakika kumi ni ndefu namna ile, na kwamba ni fupi namna ile. Nje mtu alikuwa akifagia. Shemeji alikuwa anatazama saa yake, akiishika kwa mkono mwingine, kama anayeogopa isije ikaruka.

"Zimefika," akasema.

Nikatoa simu yangu. Nikaifungua ile barua yake ya saba, chini yake nikaandika neno moja, nikatuma. Kisha tukainama wote wawili, vichwa vinakaribia kugongana, tukikitazama kioo cha kompyuta yake.

"Imeingia," shemeji akasema. Akalisoma kwa sauti, taratibu, kwa sababu hapo hapakuwa na mwingine wa kulisoma. "Nipo."

Alibaki ameinama. Mimi nikaivuta fomu, nikaanzia mstari wa nane.